Bogenvilia ya bonsai: jinsi ya kuikuza mpaka itoe maua, sio majani tu

Bonsai (mti unaokuzwa uwe mdogo kwenye chungu) yangu ya kwanza ya bogenvilia ilikaa miaka miwili bila kutoa ua hata moja. Majani yalikuwa mazuri balaa, yananawiri, kila anayepita anasifia, mi nikiiangalia naona aibu maana nilitaka mti wa maua nikaishia na kichaka kidogo kwenye sahani. Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, mbolea kila wiki, na kila tawi likichomoza nje ya umbo nalikata hapo hapo. Afu nikasafiri, nikaisahau juani siku kadhaa, narudi nakuta majani yamelegea yote yananing'inia kama matambara. Nikajua basi, imekufa. Nikaimwagilia kwa huruma tu. Wiki tatu mbele ikafura maua mpaka majani hayaonekani.

Kumbe vile vitu vitatu nilivyoona ni matunzo ndo vilikuwa vinaizuia. Maji mengi, mbolea nyingi, na mkasi kila siku. Hasa mkasi, maana huu mti unatoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, sasa wewe unayetaka umbo zuri unakata nini? Ncha. Yaani kila unapoinyoosha bonsai yako unakata maua kabla hujayaona. Kwa hiyo ukishika jambo moja humu shika hili: kuna kipindi cha kutengeneza umbo na kuna kipindi cha kutafuta maua, usivichanganye.

Kwa nini bogenvilia na sio mti mwingine

Bonsai za maua zipo nyingi. Azalea ni nzuri sana ila inataka udongo wenye asidi na haipatani na maji yenye chokaa. Waridi la jangwani linanenepa shina haraka lakini matawi yake manene manene, kupata vile vitawi vyembamba vya mti mkubwa ni kazi. Mkomamanga ni mvumilivu, sema ukianzia kwenye mbegu utasubiri sana. Bogenvilia inakubali kukatwa vibaya, inachipua hata kwenye gogo kuukuu lisilo na jani, na anayeanza akikosea mara tatu bado mti upo. Mi ndo ningemshauri mtu aanze nayo.

Kwanza tujue ua lenyewe ni lipi

Ile rangi unayoiona, nyekundu, zambarau, chungwa au nyeupe, sio ua. Ni majani yaliyobadilika, wataalamu wa mimea wanayaita brakti, yanakaa matatu matatu. Chungulia katikati utakuta vimirija vitatu vyembamba, mdomo wake mweupe umefunguka kama kinyota, hivyo ndo maua yenyewe. Vinyota vinanyauka mapema, brakti zinabaki na rangi yake muda mrefu, ndo maana bogenvilia inaonekana imechanua wiki na wiki.

Sasa chukua chipukizi moja la wiki chache uliangalie kwa karibu, hata kwa kamera ya simu ukilivuta. Kila jani linapoungana na kitawi kuna kwapa, na ndani ya kwapa kuna kinundu kidogo kama kichwa cha pini. Kikiwa kinachongoka, kimoja, kinateleza, huo ni mwiba. Kikiwa butu, kina kama vumbi la manyoya na kinaanza kujigawa kama ngumi ya mtoto mchanga inayofunguka, hilo ni ua linakuja. Vyote viwili vinatoka sehemu hiyo hiyo. Jifunze kuvitofautisha mapema, mi kabla sijajua nilikuwa navifyeka vyote.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina limetoka kwa Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769, na aliyeuchukua mti huu maeneo ya Rio de Janeiro ni mtaalamu wa mimea wa safari ile, Philibert Commerson. Msaidizi wake Jeanne Baret alikuwa mwanamke aliyevaa kiume maana wanawake walikuwa hawaruhusiwi melini, na ndo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia. Nimetoka nje ya mada kidogo, turudi: ni mti wa jua kali, na umezoea kukaa kipindi kirefu bila mvua. Hilo litatusaidia mbele.

Hatua ya 1: kupata mti wa kuanzia

Njia ni tatu. Ya kwanza ununue mche ulioko kwenye kopo, na hapa usidanganywe na maua, angalia shina. Chimbua udongo wa juu kidogo kwa kidole uone chini pakoje, unataka shina linalopanuka kuelekea chini na mizizi iliyosambaa pande zote. Maua utayatengeneza mwenyewe, shina baya utahangaika nalo miaka.

Ya pili, kipande cha tawi. Chagua tawi lililokomaa, limeshakuwa kahawia, unene kuanzia penseli mpaka kidole gumba, urefu sentimita 15 hadi 20. Chini kata kimshazari, juu kata bapa, ili usije ukachomeka kichwa chini (watu wanafanya hivyo, usicheke), toa majani yote, paka homoni ya mizizi kama unayo, chomeka kwenye mchanga wa punje kubwa au pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu) yenye unyevu. Funika na mfuko wa nailoni, weka kivulini penye mwanga.

Ya tatu ndo napenda mimi: gogo. Mtu anang'oa bogenvilia ya zamani uani, mwombe. Kata shina kwa msumeno urefu unaotaka, sentimita 20 au 30 inatosha, mizizi minene ikate fupi, panda kwenye chombo kirefu chenye pumisi au changarawe ndogo, ifunge kwa kamba isitikisike, funika juu na nailoni. Miezi michache una bonsai yenye shina la miaka 20, ukianzia kijiti hilo shina ulisubiri wewe na wajukuu.

Ila gogo na kipande vyote vina mtego mmoja. Baada ya wiki tatu mpaka sita vinachipua, unafurahi, unatoa nailoni, unaweka juani, siku mbili vimenyauka. Yale machipukizi yametoka kwa chakula kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya mti, chini hamna mzizi hata mmoja. Usitoe nailoni kwa haraka, itoboe tundu dogo dogo kila baada ya siku kadhaa mpaka izoee hewa, na usiivute kuangalia kama imeshika! Mizizi ya bogenvilia michanga inakatika kama tambi. Machipukizi yakifika urefu wa kiganja na yanaendelea kukua bila kusimama, hapo ndo imeshika.

Hatua ya 2: udongo na chungu

Sipotezi muda mrefu hapa. Udongo wa bustani peke yake hapana, unashikana kama saruji, maji yanatuama, mizizi inaoza. Unataka punje punje, milimita 3 hadi 6: pumisi, mawe ya volkano, tofali lililopondwa, changarawe, chochote kigumu chenye vitundu, afu mboji iliyoiva kidogo, robo hivi. Chekecha utoe vumbi lote. Jaribu hivi, mwaga maji juu, kama yanasimama na kutengeneza bwawa hata sekunde chache, huo udongo bado.

Chungu cha bonsai cha bapa usikiwahi. Mti unaotaka kunenepa shina ukae kwenye chombo kikubwa kwanza, maana ukishauweka kwenye sahani unapunguza mwendo. Ukifika wakati wake, kina cha chungu kiwe karibu sawa na unene wa shina pale chini, kiwe na matundu, matundu uyafunike na wavu. Na mti ufungwe na waya uliopitishwa kwenye matundu ya chini. Watu wanaruka hii ya kufunga, afu upepo ukivuma mti unacheza cheza na kila ukicheza unakata vimizizi vipya.

Hatua ya 3: kujenga umbo

Huu ni mwaka wa kwanza na pengine wa pili, na kwenye kipindi hiki sahau maua kabisa. Hata yakitokea usiyahesabu.

Chagua matawi utakayobaki nayo. Kawaida la kwanza linaanzia kama theluthi moja ya urefu wa shina kutoka chini, mengine yanapanda kwa kupishana kushoto, kulia na nyuma, mbele acha wazi. Mawili yakitoka usawa mmoja toa moja. Unalotaka linenepe liache likue bila kulikata, hata likifika mita moja, linaonekana la ajabu ila ndo linavyonenepa. Likishafika unene unaotaka kata urudi mpaka vikwapa viwili au vitatu, hapo litachipua mapya, yaache mpaka majani sita au nane, kata tena urudi mawili matatu. Hivyo hivyo. Kila mkato unazaa matawi mawili, mwisho unapata ule msambao wa mti mkubwa. Angalia kwapa la mwisho unaloacha linatazama wapi, maana chipukizi litaelekea huko huko, kwa hiyo kwapa la nje libaki, la ndani hapana.

Vaa glavu. Miiba yenyewe inauma na wengine ngozi inawasha kwa utomvu wake.

Kitu kimoja kuhusu mikato mikubwa: mti wa bogenvilia ni laini ndani na unaoza upesi. Ukikata tawi nene ukaacha kidonda bapa kinachoshika maji, baada ya muda unaingiza kidole. Kichonge kiwe na mteremko maji yasikae, paka dawa ya kufunga vidonda vya miti. Kama tayari kuna shimo usilie, safisha uozo, acha pakauke, shina lenye pango linaonekana zee zaidi. Moja ya bonsai zangu watu wanayoisifia sana ni iliyooza nusu kwa uzembe wangu.

Hatua ya 4: waya

Waya wa alumini, unene kama theluthi ya tawi unalokunja, uzungushe kwa mshazari wa digrii 45 hivi, usibane wala usilegee. Matawi ya bogenvilia yakishakauka kuwa mti mgumu hayakunjiki, yanavunjika kwa mlio mmoja tu, tak, umemaliza. Yakiwa mabichi sana nayo yanapondeka. Muda wake ni pale rangi inapoanza kutoka kijani kwenda kahawia. Siku ya kukunja usimwagilie kwanza, mti wenye kiu kidogo unakunjika vizuri kuliko uliojaa maji. Shika kwa vidole viwili, gumba likiwa ndani ya kona, kunja taratibu, ukisikia imegoma acha, urudi wiki ijayo usogeze tena.

Afu kagua kila wiki. Unakua haraka, waya unaweza kuzama kwenye gome ndani ya wiki chache. Kuutoa kata vipande vipande, usiufungue kwa kuuzungusha.

Hatua ya 5: sasa maua

Umbo umeshalipata au umelikaribia. Fanya mpogo wa mwisho, kata kila kitawi kirudi ndani ya umbo, kifupi kidogo kuliko unavyotaka kionekane, kwa sababu maua yatakuja mbele ya hapo. Baada ya huo mpogo weka mkasi kabatini. Sitanii. Kutakuwa na machipukizi yanachomoza kila upande, mti utaonekana kama mtu aliyeamka sasa hivi, utatamani kuunyoosha kidogo tu. Usiguse.

Jua: masaa sita moja kwa moja ni kiwango cha chini, nane ni bora. Hii ndo sababu bonsai ya bogenvilia haikai sebuleni. Kivulini itakupa majani makubwa na vitawi virefu vyenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, maua hamna. Ikishachanua unaweza kuiingiza siku mbili wageni waione, afu irudi nje, ikikaa zaidi itaanza kumwaga brakti.

Machipukizi yaache yakue wiki nne mpaka sita hivi kwa maji ya kawaida. Mbolea kidogo mwanzoni basi, afu ile yenye naitrojeni nyingi isimamishe kabisa, ndo inayokupa majani. Ukitaka kuweka kitu weka yenye potasiamu zaidi, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Samadi mbichi hapana.

Yakianza kukomaa, ile kijani ya maji maji imetoweka, anza kuinyima maji. Hapa ndo pana ufundi na hapa ndo watu wanaua miti, kwa hiyo soma polepole. Unaacha kumwagilia mpaka majani yalegee. Sio yakauke, yalegee. Siku ya kwanza utaona yale ya nchani yameinama mchana wa jua kali lakini usiku yanasimama tena, hapo bado. Siku inayofuata asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, ukikuta bado yameinama na ukiyashika ni laini kama kitambaa, wakati umefika. Mwagilia kikombe tu, yanyanyuke, usijaze. Afu subiri tena mpaka yalegee. Rudia mara mbili au tatu. Kwenye chungu cha bapa na jua kali mzunguko mmoja unaweza kuwa siku mbili tu, kwenye chombo kikubwa hata wiki, kwa hiyo usihesabu siku, angalia majani. Yakianza kukunjika kingo na kuwa makavu kama karatasi umechelewa, loweka chungu chote kwenye beseni dakika kumi na uache mchezo kwa mwezi huo.

Kila asubuhi chungulia vikwapa. Ukiona zile ngumi ndogo zimetokea kwenye matawi mengi, rudi kwenye maji ya kawaida siku hiyo hiyo. Wengi wanaendelea kuinyima wakidhani maua yataongezeka, badala yake vichanga vinakauka na kudondoka. Maji ya kawaida ni haya: udongo wa juu ukikauka, mwagilia mpaka yatoke matundu ya chini, basi, mpaka ukauke tena. Kama huamini macho chomeka kijiti kikavu, kikitoka na unyevu subiri. Mi nanyanyua chungu, ukizoea mkono unajua uzito.

Jambo jingine ni usiku. Bogenvilia huchanua vizuri zaidi usiku unapokuwa mrefu, ndo maana karibu na ikweta inaweza kuchanua mwaka mzima, na mbali na ikweta ina misimu yake. Kwenye miezi ya siku ndefu mno usijilaumu sana ikisuasua.

Maua yakiisha

Rangi ikififia na brakti zikawa kama karatasi, usisubiri zidondoke zenyewe zote. Kata kila kitawi kilichochanua kirudi kwenye kwapa mbili tatu, hapa sasa mkasi unaruhusiwa na hapa ndo unarekebisha umbo lako. Weka mbolea ya kawaida, maji ya kawaida, iache ijijenge. Halafu mzunguko unaanza upya. Ukitaka kuukaza mti ili uchanue mfululizo unaweza, ila mi naupumzisha angalau mzunguko mmoja kwa mwaka, maua yanakula nguvu na vitawi vyembamba vya ndani ndo vinaanza kufa.

Kubadilisha udongo

Kila miaka miwili mitatu, au ukiona maji yanachelewa kuzama. Fanya hali ya hewa ikiwa na joto, mti unakua, sio kwenye baridi wala ukiwa na maua. Toa taratibu, kung'uta udongo wa nje kwa kijiti, punguza mizizi kama theluthi moja na usizidishe, hii sio miti ya kuosha mizizi ikabaki mitupu. Punguza na majani pia. Ingiza udongo mpya kavu katikati ya mizizi kwa kijiti mpaka usibaki uwazi, funga kwa waya, mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Kivulini wiki mbili tatu, mbolea baada ya mwezi hivi.

Wadudu na baridi

Vidung'ata ndo wasumbufu, vile vinavyofanana na pamba kwenye makwapa, na vinakaa pale pale ua linapotokea. Pamba yenye spiriti, gusa kimoja kimoja. Vidukari wa kwenye ncha wapulizie maji ya sabuni jioni. Ukiona kingo za majani zimeliwa na mchana humwoni mlaji, toka na tochi usiku, utakuta viwavi vyembamba vimejinyoosha kama kijiti, okota kwa mkono.

Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 mti unasinzia, na barafu inaua. Uingize ndani penye mwanga, maji kidogo sana. Unaweza kudondosha majani yote ukabaki miiba mitupu, na hapo ndo watu wanautupa. Kabla hujautupa kwaruza gome kwa ukucha, sehemu ndogo tu, kama punje ya mchele. Kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Ukikuta kijani popote pale, urudishe chungu mahali pake, punguza maji zaidi, na usubiri joto lirudi.